Kigaga cha Kumi

Mavuno yakikaribia, watu wa Darae huwaza mpunga. Nesi Pyo Gil-ja aliwaza homa. Hofu ilimwanza taratibu mwezi wa nane ukielekea ukingoni: usingizi ukampaa, chakula hakipiti, na mlango wa zahanati ukigongwa tu, moyo unamruka. Kufika mwezi wa kumi koti lake jeupe lilikuwa linamning'inia kama limetundikwa ukutani, na wanawake waliokuwa wakianika pilipili barabarani wakasema anakonda kwa kukosa mume. Watu wetu wana majibu ya kila kitu. Mwanamke alikuwa anaogopa, basi, wala hapakuwa na siri nyingine.

Na hakuzaliwa mwoga. Alikuwa binti wa fundi viatu wa mji wa bandari, akasomea unesi, akafanya kazi wodini miaka kumi na mmoja chini ya madaktari waliokuwa wakimfokea asubuhi na jioni. Serikali ilipotafuta manesi wa kwenda kukaa peke yao katika vijiji visivyo na daktari, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Walimfundisha miezi sita. Kisha wakampa nyumba ya vyumba viwili milimani kwetu, kabati la dawa, na kitabu.

Kile kitabu ndicho kilikuwa daktari wake. Kila ugonjwa ulipewa nusu ukurasa na si zaidi: unaanzaje, utautambuaje, utaupa nini, na mwisho neno moja, ama Tibu ama Peleka. Gil-ja aliyanakili yote kwa mkono wake kwenye kadi, akazipanga ndani ya kopo la biskuti, ili mgonjwa akifika asiwe mtu wa kupekua kurasa huku mwenzake anakata roho. Miaka mitatu ya kwanza zile kadi zilimtosha. Alizalisha, alishona, alitoa minyoo, alishusha presha za wazee, na kijiji kikamzoea hata wakawa wanamletea kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, bila kuombwa.

Halafu akaja Bwana Ban. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe, wakati wa mavuno kama huu, uso mwekundu, mgongo unamuuma, akaomba atundikiwe dripu. Darae nzima hupenda dripu. Mtu akichoka na kuvuna, hataki kidonge, anataka chupa itundikwe aione ikidondoka. Gil-ja akamtundikia chupa mbili. Kumbe ilikuwa homa ya figo, ile inayotoka kwa panya wa mashambani, ambayo figo hujifunga na maji unayomtia mtu hayana pa kutokea. Kadi yake ilikuwemo koponi, na neno la mwisho lilikuwa Peleka. Hakuitazama, kwa sababu alidhani ni uchovu. Bwana Ban alifia hospitali ya mjini siku ya tisa, na hakuna aliyemlaumu nesi kwa neno hata moja. Afadhali wangemtukana.

Tangu hapo kila mwenye homa alikuwa ni wa kupelekwa. Mtoto ana mafua, peleka. Bibi amekula kitu kibaya, peleka. Basi la mjini lilipita mara mbili tu kwa siku, na kwenda huko ni kupoteza siku nzima ya kuvuna. Mwenyekiti wa kijiji, Yeom Bok-man, mtu mnene mpenda utani na mpenda zaidi pombe ya mchele, alikuwa na kipaza sauti kilichofungwa juu ya nguzo nyumbani kwake, na kila asubuhi alitangaza habari za mbolea na za mikutano. Asubuhi moja akatangaza, "Jamani, mwenye mzigo wa kwenda mjini ampe Nesi Peleka, yeye kila siku anatuma!" Kijiji kizima kilicheka, na jina likaganda.

Kuchekwa si kitu. Kibaya ni kwamba watu walianza kuficha homa. Walisema Bwana Ban alitoka hapa anatembea akarudi amelala, kwa hiyo nesi akikuandikia karatasi ya mjini, amekuandikia kaburi. Wakahamia kwa Bibi Wi.

Huyu Bibi Wi alikuwa na miaka sabini na minne, umbo la mtoto na mdomo wa pilipili. Kazi yake ilikuwa kuchoma watu pakanga. Majani ya pakanga hukaushwa, hutwangwa mpaka yawe laini kama pamba, kisha kijidonge chake huwekwa juu ya ngozi, mahali maalumu, na kuwashwa. Huacha kidonda kidogo, na kidonda huacha kigaga cheusi. Hakuna mzee wa Darae asiyekuwa na alama hizo tumboni au chini ya magoti. Gil-ja alikuwa akizipaka dawa ya iodini na kulalamika, na Bibi Wi alikuwa akilalamika kuhusu iodini.

"Unawapaka rangi wagonjwa wangu kama ng'ombe wa mnada," alimwambia siku moja njiani.

"Na wewe unawachoma kama mihogo, bibi. Vikioza vidonda, wanakuja kwangu."

"Vyangu havijaoza tangu babu yako hajaoa."

Walikuwa hivyo miaka mitano.

Basi mwaka ule, siku ya kumi na mbili baada ya watu kwenda kufyeka majani kwenye makaburi ya wazee wao, Gil-ja alisikia kwamba Mama Dong-gu hajaonekana shambani. Mama Dong-gu alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mwanamke wa nguvu, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Incheon. Mpunga wake ulikuwa umeiva na kuinama, na yeye hayuko. Gil-ja alichukua mkoba wake na mguu ukawa mzito tangu mlangoni.

Alimkuta amelala kwenye sakafu iliyowashwa moto chini, mablanketi mawili juu yake, anatetemeka. Macho yalikuwa mekundu. Kichwa, alisema, kilikuwa kinapasuka.

"Tangu lini, Mama Dong-gu?"

"Siku ya nne leo. Ni uchovu tu. Bibi Wi amekwisha kunichoma, nitapona."

"Acha nikutazame basi."

"Utatazama nini? Mwanamke aliyezeeka?" Lakini akaachia, akavuta blauzi juu kidogo na suruali chini kidogo, si zaidi, kwa kuwa hata kuumwa hakumwondolei mtu haya. Tumbo lilikuwa na vigaga vyeusi kama kawaida ya Bibi Wi. Gil-ja akatoa pamba, akavipaka iodini kimoja baada ya kingine, huku mawazo yake yako kwingine kabisa. Mawazo yake yalikuwa kwenye macho yale mekundu. Bwana Ban naye macho yake yalikuwa hivyo. Akapima presha, imeshuka. Kijasho chembamba kikamtoka Gil-ja, yeye asiye na homa.

"Twende mjini," alisema. "Leo, basi la saa tisa."

"Siendi."

"Mama Dong-gu, hii yaweza kuwa homa ya figo."

"Ndiyo maana siendi. Ban alikwenda. Nikifa, nifie kwangu, mwanangu anikute kwenye sakafu yangu. Usininyime hilo, nesi."

"Nakuomba."

"Nami nakuomba maji, nina kiu."

Hata maji Gil-ja aliogopa kumpa. Alimpa nusu kikombe, akamwachia chungu na kumwambia akojolee humo, asimwage hata tone. Kadi ya homa ya figo ilisema: *Pima anachokunywa na anachokojoa. Mkojo ukikauka, figo zimejifunga. Presha ikiwa imeshuka sana, msukosuko wa safari unaweza kumuua.* Kwa hiyo kumlazimisha ni hatari na kumwacha ni hatari. Alirudi zahanati akaketi na kopo la biskuti mapajani, akalia kidogo, kisha akaona aibu akaacha.

Siku mbili zilipita hivyo. Alikwenda asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila alipokaribia ule mlango alisimama kwanza kusikiliza kama kuna kilio. Mama Dong-gu alizidi. Alianza kukohoa, vipele vikamtoka kifuani, na siku ya sita alimwita Gil-ja kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Gil-ja akajua kwamba huyu mtu anaondoka, na anaondoka mikononi mwake, na ni wa pili.

Lakini kulikuwa na kitu ambacho hakikukaa sawa. Chungu. Kila alipokifunua kilikuwa na mkojo, na si haba. Figo zilizojifunga haziwezi kujaza chungu. Gil-ja aliketi pale pale sakafuni, akafungua kopo, akaitoa kadi ya homa ya figo akaiweka kando, na kwa mara ya kwanza tangu Bwana Ban akajilazimisha kusoma zilizofuata. Ya tatu ilikuwa hii, kwa mwandiko wake mwenyewe:

*Homa ya utitiri. Siku kumi hivi baada ya kukaa kwenye majani. Homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, vipele kifuani, baadaye kikohozi na kuchanganyikiwa. Tafuta kigaga cheusi kisichouma, ukubwa wa punje ya dengu, mahali utitiri alipouma: kwapani, chini ya ziwa, kwenye nyonga, nguo inapobana. Tetrasaiklini siku saba. Tibu. Homa isiposhuka ndani ya siku mbili, umekosea.*

Tafuta kigaga cheusi. Vigaga vyeusi alikuwa ameviona, amevigusa, amevipaka dawa, na hakujua vilikuwa vingapi.

Alimkuta Bibi Wi barazani kwake anamenya persimoni za kukausha, yale matunda ya rangi ya chungwa yanayoning'inizwa kwa uzi kila nyumba. Ajuza hakuinua hata uso.

"Umekuja kunitukana? Tukana upesi, nina kazi."

"Nimekuja kukuuliza, bibi. Mama Dong-gu ulimchoma mara ngapi?"

"Anakufa?"

"Ulimchoma mara ngapi?"

Kisu kikasimama. "Tisa. Sijawahi kumchoma mtu idadi inayogawanyika kwa mbili. Mama yangu hakunifundisha hivyo. Sita tumboni, moja chini ya kila goti, moja mgongoni."

"Twende ukanionyeshe."

"Wewe? Nikuonyeshe mimi?" Alimtazama nesi, akaona uso ulivyokuwa, na utani ukamtoka. Akajifuta mikono kwenye sketi. "Nipe viatu vyangu, mwanangu. Viko nyuma yako."

Walimfunua mgonjwa pamoja. Hakupinga, hakujua hili wala lile. Bibi Wi alipiga magoti, akaweka kidole kilichopinda juu ya kigaga cha kwanza, chini kidogo ya kifua, na kukibonyeza. Mama Dong-gu akakunja uso.

"Changu," alisema. Akashuka. "Changu. Changu." Kila alipobonyeza, mgonjwa alikunja uso au kuguna. "Hiki changu, na hiki. Hiki changu, hapo ndipo nguvu za tumbo zinapokaa. Sita. Njia yangu inapita katikati, nesi, inapita kitovuni kama uzi. Nikitoka pembeni hata kidole kimoja, nastahili kufungwa."

Kisha kidole chake kikasimama. Gil-ja naye alikuwa amekiona. Kilikuwa pembeni, vidole vinne kutoka katikati, pale mpira wa suruali ulipokuwa unabana. Cheusi kama vingine, mduara mwekundu ukikizunguka, na juu yake mabaki ya kahawia ya iodini.

Bibi Wi akakibonyeza. Mama Dong-gu hakujitikisa. Akakibonyeza tena kwa nguvu, akamtazama usoni, hakuna kitu.

"Hiki si changu," alisema polepole. "Nani kamwekea hiki?"

Siku mbili zilizopita alikuwa amekishika kwa vidole vyake hivi. Dawa ilikuwa kabatini, rafu ya pili, hatua mia tatu kutoka pale. Siku mbili nzima mwanamke huyu alikuwa akichomwa na homa, na dawa iko rafu ya pili.

Alikimbia. Watu walimwona anapita njiani na koti wazi, nywele zimefumuka, na waliomwona walidhani ameshafiwa. Alirudi na vidonge, wakamwinua mgonjwa, Bibi Wi akamshika kidevu na kumnywesha huku akimsemesha kama mtoto: "Meza, mama. Meza, mbaya wewe, umenitia hofu siku zote hizi."

Halafu wakakaa kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kubaya kuliko yote. Ile kadi ilikuwa imesema siku mbili, na Gil-ja alizihesabu saa kwa saa. Kila mara alimpima joto, na kila mara alisali kwanza, yeye asiye na dini maalumu. Thelathini na tisa na nusu. Arobaini. Thelathini na tisa na nusu. Kama amekosea tena, basi alikuwa anampa vidonge mtu anayehitaji hospitali, na itakuwa ni Bwana Ban mwingine. Bibi Wi alipika uji wa mchele, akamlazimisha nesi anywe naye.

"Umekonda kama kijiti cha kulia chakula," alimwambia. "Unaogopa nini sana? Watu hufa. Mimi wamenifia wengi kuliko wewe."

"Ulifanyaje, bibi?"

"Niliendelea kuogopa. Ungetaka nifanye nini?"

Siku ya pili, adhuhuri, Mama Dong-gu alilowa jasho. Lilimtoka mwili mzima hata matandiko yakalowa, na kipima joto kikasoma thelathini na saba na nukta mbili. Alifungua macho, akawaangalia wanawake wawili waliokuwa wamemwinamia. "Mbona mmekaa kama msibani?" aliuliza. "Mpunga wangu nani kavuna?" Bibi Wi alicheka mpaka akashika mbavu. Gil-ja alitoka nje, akashika ukuta, akatapika uji wote.

Hadithi ingeishia hapo kama Dong-gu asingefika. Kijana alikuwa amepigiwa simu na jirani kwamba mama yake yuko taabani, akapanda basi tangu alfajiri, na jioni hiyo akaingia na macho ya mtu aliyejiandaa kuzika. Akamkuta mama anakunywa uji. Akafurahi, akalia, kisha akaliona tumbo la mama yake. Mtu wa mjini yule. Alikuwa amesahau alama hizi, au alikuwa amejifunza huko kuzionea aibu.

"Nani kamfanyia mama yangu hivi?"

"Bibi Wi, lakini sikiliza—" alianza Gil-ja.

Hakusikiliza. Alimshika nesi mikono yote miwili, akainama mpaka kichwa kikakaribia kugusa sakafu. "Asante, nesi. Bila wewe yule kikongwe angemuua. Nitalimaliza jambo hili kesho."

Alilimaliza kweli. Asubuhi Gil-ja alikuwa anafagia zahanati aliposikia kipaza sauti kikikwaruza juu ya nguzo, na sauti ikatoka si ya Mwenyekiti bali ya Dong-gu, imejaa hasira. Alisema mama yake alichomwa moto akiwa na homa, akaachwa kufa. Alisema ni nesi aliyemtoa mdomoni mwa kaburi. Akasema kuanzia leo mtu yeyote atakayekanyaga kwa Wi anatafuta kifo, na yeye ataandika barua polisi. Nyumba ya Bibi Wi ilionekana kutoka zahanati. Gil-ja alimwona ajuza akitoka barazani, akasimama katikati ya nyuzi zake za persimoni akisikiliza jina lake likitajwa juu ya mapaa, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Ulikuwa mchana mweupe, na Bibi Wi hakuwahi kufunga mlango mchana.

Nitasema ukweli kuhusu Gil-ja, maana mtu akisifiwa sana huwa si mtu tena. Alisimama na ufagio wake muda mrefu. Alichotakiwa kufanya ili apone kabisa, awe nesi tena mbele ya Darae nzima, ni kunyamaza. Wangerudi kwake. Jina la Nesi Peleka lingekufa siku hiyo hiyo. Na akisema? Atakuwa amewaambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hofu yao ilikuwa ya haki, kwamba anaweza kukitazama kifo, akakipaka iodini, akaenda zake. Barua ingeweza kufika wilayani. Angeweza kumwaga unga. Hata alipoanza kutembea hakuwa na hakika kama anakwenda kusema au kukimbia.

Nyumbani kwa Mwenyekiti alimkuta Yeom Bok-man peke yake karibu na mashine, amevaa koti zito na uso mwekundu. Ameanza mapema leo, aliwaza Gil-ja.

"Dong-gu ameondoka sasa hivi," alisema Mwenyekiti kwa sauti iliyokwaruza. "Umekuja kupokea sifa?"

"Nipe kipaza sauti."

Alimtazama, kisha akabonyeza swichi bila kuongeza neno. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Gil-ja alifungua mdomo. Akasikia pumzi yake mwenyewe ikirudi kutoka kwenye nguzo, imevuma kijiji kizima.

"Mimi ni Pyo Gil-ja wa zahanati," alisema. "Mama Dong-gu hakuumwa kwa sababu ya pakanga. Aliumwa na utitiri wa majani siku aliyofyeka kaburi. Utitiri huacha kigaga cheusi. Mimi nilikiona kigaga hicho siku ya kwanza. Nilikishika, nikakipaka iodini, nikadhani ni cha Bibi Wi. Nilikosea. Siku mbili zilipotea kwa kosa langu, na angekufa. Aliyekitambua ni Bibi Wi. Bila yeye tungekuwa tunazika leo. Sina zaidi." Akasita. "Nina zaidi. Naogopa. Kila mwaka wakati huu naogopa, ndiyo maana nawapeleka wote. Mwenye homa aje. Nitamtazama mwili mzima, na nisipojua nitasema sijui. Nimemaliza."

Mwenyekiti akazima. Gil-ja alingoja aambiwe akafungashe vitu vyake. Yeom Bok-man aliinuka kwa shida, akafunga mlango, akaegemea ukuta.

"Nesi," alisema. "Mimi nina homa. Leo siku ya tatu."

Ndipo alipomtazama kweli. Hapakuwa na harufu ya pombe chumbani.

"Mbona hukuja, Mwenyekiti?"

"Nije nipelekwe? Nilijua utaandika karatasi hata kabla sijaketi. Nikasema bora nikae kimya, huyu hatutazami, anatutuma tu." Akaanza kufungua vifungo vya koti, na vidole havikumtii. "Sasa nimekusikia. Unakosea kama sisi. Haya, nitazame."

Alimtazama. Alianza shingoni, akaenda nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyongani, nyuma ya magoti; yule baba mnene mpenda utani alisimama uchi kama mtoto wala hakutania. Hapakuwa na kigaga. Kwapani kulikuwa na vidoa vidogo vyekundu kama vya kuchomwa sindano. Macho yalikuwa yamevilia damu. Alipomgonga mgongoni, juu ya figo, taratibu kabisa, Mwenyekiti alipiga yowe.

"Tangu jana umekojoa mara ngapi?"

"Mara moja. Kidogo."

Gil-ja hakuhitaji kopo.

"Mwenyekiti," alisema, "hii ndiyo yenyewe. Siwezi kuitibu. Inabidi twende mjini sasa, kabla presha haijashuka."

"Ile ya Ban?"

"Ile ile."

Midomo ya Yeom Bok-man ilicheza. "Nitarudi?"

Alitaka kumwambia ndiyo. Kila mtu angemwambia ndiyo. "Sijui," alisema. "Wanaofika mapema, wengi hurudi. Ban alifika amechelewa, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Wewe bado hujachelewa. Zaidi ya hapo sijui, na naogopa kama wewe."

Mwenyekiti akanyoosha mkono, akabonyeza swichi, na sauti yake iliyopasuka ikapanda juu ya nguzo.

"Jamani. Mwenyekiti wenu ana homa. Nakwenda mjini na nesi sasa hivi, basi la saa nne. Amenitazama. Mwenye homa nyumbani asiifiche tena. Nimemaliza, kwaherini."

Hakuweza kuinama, kwa hiyo Gil-ja alipiga magoti akamfunga viatu. Walitembea polepole, yeye akimshika kiwiko, wakisimama kila alipoishiwa pumzi. Njiani hapakuwa na mtu. Lakini walipokata kona ya ghala la mpunga wakakiona kituo cha basi, na kwenye benchi watu watatu walikuwa wameketi wamejifunika mablanketi mchana kweupe, wanatetemeka, wanawasubiri.